Swali la Mia na Kumi na Mbili

Miezi minne jedwali la kusoma limebandikwa mlangoni mwa friji,
na kila wiki nalisogeza mbele kwa kalamu nyekundu.
Mimi ninayejifunza kusimamia muda
niko wiki tatu nyuma ya mpango wangu mwenyewe.

Tudor, saa tisa usiku. Stima zimekatika,
panka limekufa likitazama ukuta.
Nasoma kwa taa ya simu, kanga mbichi mabegani,
nakariri: thamani ya kazi iliyokamilika
gawa kwa gharama iliyotumika,
ikiwa chini ya moja, unakula hasara.
Mama kaamka kuswali, kanikuta.
"Kitabu hicho, mwanangu, wakisoma au chakusoma?"
Sikumjibu. Kilikuwa kikinisoma.

Mchana ni Miritini, kokoto na vumbi.
Kadzo wa stoo ananitahini huku akihesabu mifuko ya saruji:
"Mdau amekasirika. Wafanyaje kwanza?"
"Namsikiliza."
"Amekasirika na ana rungu?"
"Namsikiliza nikiwa mbali."
Tukacheka hadi dereva wa lori akatupigia honi.

Majibu yote kitabuni ni ya watu wapole.
Hakuna nondo zinazoota miguu usiku,
hakuna mkubwa anayetaka binamu yake apewe kazi ya mchanga.
Ukiona tatizo, unaliandika.
Ukiliandika, linakutii.

Siku yenyewe, Barabara ya Nkrumah, ghorofa ya tatu.
Wakanivua saa, pete, pini za mtandio,
wakanipindua mifuko kama mtoto aliyeiba sukari.
Ubaridi wa ile mashine ulinikata mifupa,
mtu wa Mombasa kutetemeka mwezi wa pili!
Maswali mia na themanini. Dakika mia mbili na thelathini.
Bismillahi. Nikabonyeza.

Yakaja, yakapita. Hamsini. Tisini.
Mapumziko, tende mbili na maji.
Kisha la mia na kumi na mbili:

*Mkuu wako anataka utie sahihi kwamba zege limekomaa,
nalo halijakomaa. Utafanya nini kwanza?*

Majibu manne. Mtoto wa darasa la sita angelijua.
Nililijua.
Mkono ukakataa.

Mikindani, mwaka juzi, mfuniko wa mtaro.
Siku tisa, badala ya ishirini na nane.
Mhandisi Mwakio alinipa karatasi dirishani mwa gari, injini yanguruma:
"Weka jina tu. Mvua iko mbali."
Nikaweka. Kalamu yake ilikuwa nzuri, sikumrudishia.
Aprili mfuniko ukakatika kama mkate wa mofa,
maji yakaingia kwa Bi Mwanamkuu,
yakabeba cherehani na sare kumi na nne za shule
zilizobakia vifungo tu.
Hakufa mtu. Ndivyo ripoti ilivyosema, sentensi nzima:
hakufa mtu.

Nikabonyeza jibu la pili. Sekunde moja.
Halikunigharimu kitu, na hilo ndilo lililoniuma.

"Umefaulu," ilisema karatasi, kwa wino hafifu.
Mama alipiga vigelegele mpaka jirani akadhani naolewa tena.
Kadzo akaleta kaimati, vidole vyote vikanata.
Mwakio naye akanipa mkono:
"Hongera. Sasa u mwenzetu."

Kitabu kina sura ya mwisho ambayo wengi huiruka,
ya kufunga mradi: andika mafunzo, lipa madeni, kabidhi.
Jumamosi nilikwenda Mikindani.
Bi Mwanamkuu alikuwa akishona kwa mkono, sindano mdomoni;
akanisogezea kigoda bila kuuliza.
Nikatoa karatasi, si ile yenye muhuri,
tupu, na ile kalamu nzuri.
"Bi," nikasema, "nimekuja kufunga mradi."

Akatoa sindano mdomoni, akaichomeka begani mwa nguo.
"Kwani," akasema, "ulikuwa haujafungwa?"